Kumsimulia Papa: Nasaha kwa Wanaoanza Kusimulia Hadithi Upya

Ndugu zangu mnaoanza,

Wengi wenu mnaojiunga na kikundi chetu cha uandishi hapa Bagamoyo huja na shauku ya kusimulia upya hadithi mliyoijua tangu utotoni, lakini safari hii kwa kinywa cha mhusika ambaye msimulizi wa awali hakumpa nafasi ya kusema. Ni zoezi ninalolipenda mno, na ndiyo maana tunalitanguliza kabla ya hadithi za kubuni moja kwa moja. Matukio yamekwisha kupangwa na wasikilizaji wanayajua, kwa hiyo nguvu zote za mwandishi zinaweza kuelekezwa kwenye jambo moja tu, nalo ni kujua mhusika huyu alikuwa anajua nini, na alikijua wakati gani. Nitaeleza kwa kutumia kisa cha Kima na Papa, ambacho wengine hukiita kisa cha punda wa dobi, kwa kuwa ni kisa cha mwambao wetu na kwa kuwa Papa ni mhusika ambaye waandishi wapya humchagua mara nyingi na kumharibu mara nyingi.

Kisa chenyewe mnakijua. Kima alikuwa akila kuyu, matunda ya mkuyu, juu ya mti ambao matawi yake yaliinamia baharini, Papa akamwomba amtupie, wakawa marafiki kwa muda mrefu. Siku moja Papa akamwalika Kima kwao ili amlipe fadhila, akaahidi kumbeba mgongoni bila kuloweshwa hata na tone la maji. Walipofika katikati ya bahari akamweleza kwamba Sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba laiti angeambiwa mapema angeubeba, maana kima wakitoka huacha mioyo yao mitini. Wakarudi, Kima akaruka juu ya mti, akakataa kushuka, akamsimulia Papa habari za punda wa dobi asiye na moyo wala masikio, yule aliyeponea kwa simba kisha akashawishiwa na sungura arudi kulekule akauawa.

Rasimu nyingi ninazozipokea huanza kwa sentensi ya namna hii: «Mimi ni Papa, mmenisema vibaya kwa miaka mingi, na leo nitawaeleza ukweli.» Baada ya hapo Papa hugeuka kuwa malaika na Kima hugeuka kuwa laghai. Nawasihi msiifuate njia hiyo, kwa sababu kazi yenu hapa si uwakili. Papa alimchukua rafiki aliyemlisha kwa miezi mingi akampeleka kuchinjwa, na msimulizi yeyote anayekificha kitendo hicho ameandika hadithi nyingine na kuazima majina tu. Matukio yabaki yalivyo, na maneno yanayojulikana yabaki yalivyo. Kinachobadilika ni upande unaoangaliwa na kiasi cha mambo yanayojulikana kutoka upande huo.

Kabla hamjaandika sentensi ya kwanza, chukueni karatasi muandike, hatua kwa hatua, Papa anajua nini. Anapopokea kuyu la kwanza, je, Sultani amekwisha kuugua? Hadithi haisemi. Kama alikuwa mzima, urafiki ulianza kwa nia safi na amri ilikuja baadaye kuuvunja. Kama alikuwa mgonjwa tayari, basi kila tunda lililopokewa lilikuwa sehemu ya mtego. Hizi ni hadithi mbili zenye mioyo tofauti kabisa, na mwandishi lazima achague moja kabla hajaanza, kwa sababu msomaji hutambua upesi sana msimulizi asiyeamua.

Kisha tafuteni mahali ambapo hadithi ya asili ilipita bila kueleza, kwa maana hapo ndipo penye mlango wenu. Katika kisa hiki mlango mkubwa kuliko yote uko katikati ya bahari. Kwa nini Papa alisema? Alikuwa na Kima mgongoni, ufuko uko mbali, Kima hawezi kuogelea, na hakuna aliyemlazimisha kufungua kinywa. Angenyamaza kidogo tu, dawa ingefika kwa Sultani. Msimulizi wa asili alihitaji aseme ili Kima apate kujiokoa, na kwa msimulizi wa asili sababu hiyo inatosha. Kwenu haitoshi. Je, alisema kwa kuwa dhamiri ilimchoma? Au alidhani rafiki wa kweli angekubali kutoa moyo wake kwa ajili ya Sultani, kwa kuwa yeye mwenyewe angekubali? Au ni desturi ya kwao kwamba anayeuawa aambiwe? Mimi huvutiwa zaidi na hilo la pili, maana linamfanya Papa awe mtu wa utii kuliko mtu wa hila, lakini jibu lolote mtakalolichagua ndilo litakalobeba maandishi yenu yote, kwa hiyo lipeni muda.

Msidhani kwamba kubadilisha sababu ni kuivunjia hadithi heshima. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alikichapisha kisa hiki mwaka 1870 kama alivyosimuliwa na watu wa Unguja, na kabla ya hapo kilikuwa kimekwisha kusafiri katika lugha nyingi. Katika Kalila wa Dimna, kitabu cha kale cha visa vya wanyama cha Kiarabu, rafiki wa kima ni kobe, na anayetaka moyo ni mke wa kobe anayejifanya mgonjwa kwa wivu. Katika Panchatantra, mkusanyiko wa kale wa visa vya Kihindi, rafiki huyo ni mamba. Wasimulizi wetu wa pwani walimwondoa mke wakamweka Sultani, na kwa badiliko hilo moja msafirishaji wa Kima akaacha kuwa mume anayeburutwa na wivu wa nyumbani, akawa raia aliye chini ya amri. Kila aliyekipokea aliuliza upya nani anataka moyo na kwa nini. Nanyi mna haki ya kuuliza.

Jambo linalofuata ni mwili wa msimulizi, na hapa ninawaomba muwe watafiti. Shukeni pwani asubuhi, mzungumze na wavuvi kabla soko la samaki halijachangamka, muangalie bahari yetu inavyofanya kazi. Hapa Bagamoyo maji yakipwa, mchanga huachwa wazi kwa umbali mrefu na ngalawa hulala ubavu. Kama mti wa Kima uko ufukoni mwetu, Papa hawezi kufika chini yake saa yoyote anayotaka. Anafika maji yakijaa, na kwa kuwa kujaa huchelewa takriban dakika 50 kila siku, ahadi ya Kima ya «kesho wakati kama huu» haiwezi kuwa na maana ileile kwa Papa. Mmoja anahesabu urafiki kwa jua, mwingine kwa maji. Aidha, baadhi ya aina za papa hulazimika kuogelea bila kukoma ili maji yapite kwenye mashavu yao wapate kupumua, kwa hiyo Papa wa namna hiyo hangoji kwa kutulia, bali hungoja kwa kuzunguka. Mkiyajua haya, sentensi zenu zitabadilika zenyewe bila mapambo.

Kuna jambo moja la elimu ya viumbe ambalo limenifanya nikisome kisa hiki kwa macho mapya. Papa wana vitundu vidogo kichwani ambavyo kwavyo huhisi umeme dhaifu unaotoka katika misuli na mapigo ya moyo wa kiumbe aliye karibu nao majini. Hisia hiyo hufanya kazi ndani ya maji na kwa umbali mfupi tu. Sasa rudini katikati ya bahari. Kima anasema moyo wake umebaki mtini, na sisi wasikilizaji humcheka Papa kwa kuamini. Lakini Papa alikuwa ameahidi kwamba hata tone moja halitamgusa rafiki yake, na ameitimiza ahadi hiyo kwa uaminifu, kwa hiyo Kima yuko juu, mkavu, mahali ambapo Papa hana njia ya kuuhisi moyo unaodunda. Angelivunja neno lake kidogo, akazama kiasi cha kumlowesha miguu na kifua, huenda angaliujua uongo ule papo hapo. Kuamini kwake kumetoka mahali pamoja na uungwana wake. Hilo halikuongeza tukio hata moja kwenye hadithi wala halikuondoa, na bado Papa si mjinga tena.

Kuhusu lugha, ondoeni kinywani mwa Papa kila msemo wa nchi kavu. Hawezi kufika njia panda, hawezi kupanda mlima, hawezi kukanyaga kaa la moto. Ana mkondo, ana kina, ana mwamba, ana bamvua na maji mafu, yaani maji makubwa na maji madogo ya mwezi, ana kusi na kaskazi, pepo za msimu. Naye amwite Kima «rafiki yangu» hadi mwisho, kama kisa kinavyomwita, hata katika aya ambayo anamwazia kifo. Hebu sikilizeni mfano mfupi:

«Maji yalikuwa bado yanajaa nilipomwambia rafiki yangu apande. Nilijitahidi mgongo ubaki juu, na kwa muda mrefu sikuwaza lolote isipokuwa ahadi ile ya tone la maji, kwa sababu ndiyo ahadi pekee ambayo ningeweza kumtimizia.»

Hapa Papa hajajitetea wala hajajilaumu. Anaeleza kazi aliyokuwa akiifanya, na msomaji, ambaye anajua safari inakoelekea, anaongeza mengine mwenyewe. Wale mliopita au mnaopita TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mna faida katika jambo hili, maana mwigizaji jukwaani huzoea kuuliza mhusika wake anafanya nini sasa kabla ya kuuliza anajisikiaje. Ileteni tabia hiyo kwenye karatasi.

Msisimulie kisa chote. Chukueni kipande kuanzia Kima anapopanda mgongoni hadi anaporuka mtini, na habari za punda, simba na sungura ziacheni nje, kwa kuwa Papa hakuziona na yeye alizisikia tu kutoka juu. Anayetaka kuzifanyia kazi habari hizo amchukue dobi, mtu aliyepoteza mnyama wa kubebea nguo za watu na asijue kamwe kwamba porini kulikuwa na simba aliyekuwa mgonjwa. Hilo nalo ni zoezi zuri, la siku nyingine.

Rasimu ikikamilika, isomeni kwa sauti mbele ya mtu mzima aliyelelewa na kisa hiki, bibi au shangazi, bila kumweleza mapema mnachokusudia. Akikatiza kusema «hapana, hakusema hivyo», andikeni pembeni ni wapi alipokatiza. Ikiwa amekatiza kwa sababu mmegeuza tukio, rudisheni tukio. Ikiwa amekatiza kwa sababu hakuwahi kumfikiria Papa namna hiyo, mwombeni aendelee kusikiliza, na msibadilishe neno hadi amalize.

Kuhusu mwisho, wengi huandika hadi Papa anapotukanwa, kisha huongeza aya ya majuto. Mimi nashauri mkate mapema zaidi, pale Kima anapopanda mti na kumwambia Papa amsubiri. Wakati huo Papa bado anaamini kwamba moyo uko juu na unakuja, na msomaji anajua kwamba haushuki. Mkimpa Papa nafasi ya kugundua, mtalazimika kumpa na maneno ya kulieleza jambo hilo, nayo maneno hayo yameshawekwa na wazee katika habari za punda wa dobi, ambazo kila msikilizaji wenu atazikumbuka bila kuambiwa.