Sheria Ndogo Yetu Haikuwa na Muhuri

Kijana tuliyemkamata na magogo manne ya mninga aliachiwa siku ileile aliyofikishwa mahakama ya mwanzo. Hakimu aliomba kuiona sheria ndogo tuliyosema imevunjwa. Akaisoma taratibu, akageuza karatasi kutafuta muhuri wa halmashauri ya wilaya, akakuta hakuna. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji, na karatasi ile niliiandika kwa mkono wangu. Sheria ndogo ya kijiji ikishapita kwenye mkutano mkuu, bado inatakiwa iidhinishwe na baraza la madiwani ndipo iwe na nguvu. Hatua ya kwanza tuliifanya kwa vigelegele. Ya pili hatukuijua, wala hatukuuliza.

Nawaandikia ninyi mlioingia kwenye kamati za mazingira na za maafa hivi karibuni, hasa wa Kasulu, Kibondo na Kakonko, huku kwetu mkoani Kigoma. Mtaitwa kwenye semina nyingi za uongozi. Nendeni, lakini kabla ya hapo mwombeni mtendaji awaonyeshe sheria zinazowapa mamlaka. Zipo tayari. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, ndiyo inayoutambua mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuuhifadhi. Na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeshusha kamati za maafa mpaka kijijini. Mgeni akija na mradi, anamkuta mwenye nyumba. Shida ni pale mwenye nyumba asipojua kwamba nyumba ni yake.

Sisi tulikuwa hivyo. Mradi mmoja ulituletea miche ya misindano, lori zima, mwezi wa tano mwishoni. Tukaitwa, tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukapewa posho. Mama mmoja akasimama, akasema, "Mvua imeshaaga, mwanangu. Hii miche itakunywa nini?" Watu wakaguna. Akaongeza kwamba wao kina mama walitaka miti ya kuni, na chanzo cha maji kizungushiwe uzio ng'ombe wasiingie. Mimi kwenye muhtasari niliandika: "Wananchi wameupokea mradi kwa furaha." Sikuandika neno lake hata moja. Niliogopa wafadhili wasituone wakorofi, wakaupeleka mradi kijiji jirani. Ilipofika Agosti miche karibu yote ilikuwa imekauka, na ripoti ya watu wa mradi ilionyesha idadi ya miche iliyopandwa.

Kosa hili linaniuma kuliko lile la mahakamani, kwa sababu hili nilijua. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: katibu aandike pingamizi jinsi lilivyosemwa, na muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Mradi uliofuata tuliupokea kwa barua yetu wenyewe. Tulitaja kwamba kupanda ni Novemba, mvua ikishatulia; kwamba kitalu kitakuwa hapahapa na kitalelewa na kina mama; na kwamba fedha zipite akaunti ya kijiji na matumizi yasomwe kwenye mkutano. Walisita kwenye hilo la fedha. Tukakaa nao vikao vitatu, wakakubali sehemu.

Msione aibu kudai fedha. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa kibinadamu wa dunia uliofanyika Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ziwafikie watendaji wa ndani ya nchi moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Lengo hilo halikufikiwa. Ukiijua ahadi hiyo, unazungumza ukiwa umekaa wima.

Kuna utajiri mwingine ambao sisi Waha tunauchukulia poa. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hapa Kasulu, ilianza mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu kutoka Kongo, na kuanzia 2015 wakaongezeka Warundi wengi mno. Kuni zikawa ugomvi: wao wanahitaji kupika, sisi msitu unaisha. Vikao rasmi vilikuwa na wakalimani wawili, na kila neno lilichelewa. Lakini Kiha na Kirundi vinasikilizana. Siku moja kikao kilipovunjika, kina mama wa pande zote mbili walibaki chini ya mwembe wakaongea wenyewe, na katika muda ule tukajua mambo ambayo hakuna dodoso lililowahi kuuliza: wapi wanawake wanavamiwa, mti gani unakatwa mbichi kwa sababu mikavu imeisha, nani anauza mkaa usiku kwa jina la wakimbizi. Kikao kilichofuata tuliomba kianze na kina mama hao, bila mkalimani. Pale mlipo na lugha, undugu au ujuzi ambao mgeni hana, anzeni ninyi. Msisubiri kuitwa.

Jambo la mwisho ni makabidhiano. Uchaguzi wa vijiji wa Novemba 2024 ulibadilisha viongozi wengi, na nimesikia vijiji ambavyo kamati mpya haikukuta hata daftari. Kwetu tulikabidhiana mbele ya mkutano mkuu: ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi, mihtasari yote, na sheria ndogo, sasa ikiwa na muhuri. Nakala moja anayo mtendaji, ya pili mwenyekiti, na ya tatu mama mmoja mjumbe ambaye nyumba yake ina sakafu ya saruji, maana mchwa wa huku hawaachi karatasi.