Mama aache dawa za presha, anywe poda ya mimea?

SWALI: Mama yangu anatumia dawa za shinikizo la damu. Muuzaji mmoja sokoni amemshauri aziache, anywe poda ya chai ya zambarau na maganda ya vitunguu, akidai utafiti umethibitisha kwamba hukinga seli za moyo. Je, ni kweli? – Msomaji, Kayole, Nairobi.

JIBU: Mama asiache dawa zake hata siku moja. Alichoambiwa kina chembe ya ukweli, ila kimetiwa chumvi nyingi.

Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na nishati ya kazi hiyo hutengenezwa na mitokondria, yaani vijiwanda vidogo vya nishati vilivyojaa katika seli zake. Katika kutumia oksijeni, mitokondria huzalisha pia molekuli kali ambazo, zikizidi uwezo wa seli kuzidhibiti, hushambulia utando wake, protini na hata DNA. Na seli ya moyo ikishakufa, ni nadra nyingine kuchukua nafasi yake. Kwasetini, kemikali ya mimea iliyomo katika vitunguu na sukuma wiki, pamoja na antosiani zinazoipa rangi chai ya zambarau, aina ya TRFK 306 waliyopewa wakulima wetu mwaka 2011, zimeonekana maabara kupunguza madhara hayo. Kinachovutia zaidi ni kwamba kwasetini huamsha protini iitwayo Nrf2, ambayo huichochea seli itengeneze vimeng'enya vyake yenyewe vya kujikinga.

Hata hivyo, seli za maabara humwagiwa kwasetini moja kwa moja, ilhali ile inayomezwa hubadilishwa na utumbo na ini, na kiasi kidogo tu ndicho hufika kwenye damu. Vitamini E nayo ilitegemewa hivyo hivyo, lakini jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2000, likihusisha watu zaidi ya 9,000 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo, halikuonyesha kwamba iliwakinga.

Mboga na vitunguu mama aendelee kuvila bila hofu. Amenye kitunguu kwa wembamba, kwa kuwa tabaka za nje ndizo zenye kwasetini nyingi, na asichemshe sukuma kisha akamwaga maji yake. Ikiwa anatumia pia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Poda yenyewe aipeleke kliniki pamoja na dawa zake zote, amwonyeshe daktari kabla ya kuionja.