Trauti wa Aprili: nenda mchana, si alfajiri
Ndugu, kudamka alfajiri ni mambo ya kiangazi. Aprili, ukivua trauti, samaki wa maji baridi, kwenye mito ya milima ya Catskills huko New York, nenda kati ya saa sita mchana na saa kumi. Joto la mwili wa trauti hufuata maji. Yakiwa nyuzi 4 au 5 anatulia chini kwenye kina, hata chambo kimpite puani hajisumbui. Yakikaribia nyuzi 10 ndipo anakula kweli, na ndipo wadudu wa majini anaowala, wanaoitwa Hendrickson, huibuka, kwa kawaida mwishoni mwa Aprili, saa nane saa tisa hivi. Mimi hufunga kipimajoto kwenye kamba na kukiacha majini dakika mbili tatu kabla hata ya kufunga ndoano.

Ila tazama milimani kwanza. Kama theluji bado ipo, jua kali litaiyeyusha na alasiri hiyohiyo mto utajaa maji baridi, rangi ya chai ya maziwa. Hapo achana na mkondo, zamisha chambo taratibu karibu na ukingo. Na maji yakipita magoti, toka. Baridi ile inatia miguu ganzi haraka mno.