Ndege chozi anatoka mweusi pichani: jaribu hivi

Ndugu, umesema chozi wa kwenye mishubiri yako anatoka mweusi na picha ina ukungu. Usibadilishe kamera kwanza. Mng'ao wa manyoya yake hutokana na jinsi mwanga unavyogonga unyoya, kwa hiyo pembe ndiyo kila kitu. Asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako, lenga ua moja lililochanua, umsubiri hapo. Weka shata (muda wa kamera kupokea mwanga) 1/2000 ya sekunde na uache ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ipande. Chengachenga zinazoletwa na ISO kubwa hupunguzwa baadaye, lakini ukungu wa mtikisiko haufutiki. Wakati wa kuhariri, inua vivuli (ng'arisha sehemu za giza) kidogo tu, ukolezo wa rangi usiuguse: kijani chake hugeuka plastiki upesi. Ukiona kiota, ondoka. Na tafadhali, usimvute kwa sauti za ndege kwenye simu. Anaweza kuacha kulisha makinda.