Dhahabu ya Sekenke: Ilitoka Wapi, na Kwa Nini Mgodi Uliachwa?

SWALI: Ndugu mhariri, nimewasikia wazee wakisema kwamba dhahabu ya mgodi wa zamani wa Sekenke iliwahi kutengenezewa fedha za Wajerumani. Je, ni kweli? Na kama dhahabu ilikuwapo, kwa nini mgodi uliachwa?
Msomaji, Singida

JIBU: Ni kweli. Mgodi huo wa Iramba ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, manowari za Uingereza ziliifunga bahari, na serikali ya Kijerumani ikapungukiwa na fedha za matumizi. Ndipo mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, zikapigwa sarafu za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke, zenye tai upande mmoja na tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima upande wa pili. Kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 7 na kidogo, robo tatu yake ikiwa dhahabu, na zilitolewa zaidi ya 16,000 kabla ya Wabelgiji kuuteka mji huo mwezi Septemba. Kwa maoni yetu, historia hii ingestahili kufahamika kwa kila mwanafunzi wa Singida na Tabora.

Dhahabu yenyewe ina umri mkubwa ajabu. Sekenke imo katika ukanda wa miamba ya kijani iliyotokana na volkano za zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, miamba ya aina ileile iliyobeba dhahabu ya Geita. Miamba hiyo ilipokunjwa na kupasuka, maji ya moto yenye salfa na hewa ya kaboni yalipanda kutoka kina kirefu yakiwa yameyeyusha dhahabu kidogo sana. Shinikizo liliposhuka ghafla ndani ya nyufa, au salfa ilipoungana na chuma cha mwamba na kufanya pairaiti, maji hayakuweza tena kuishika dhahabu, nayo ikatuama pamoja na kwatzi nyeupe, yaani jiwe gumu linalojaza nyufa hizo. Ndiyo sababu mchimbaji huufuata mkanda mwembamba, ambao huweza kuwa tajiri mahali fulani na hatua chache mbele ukawa mtupu kabisa.

Karibu na uso wa ardhi, mvua na hewa huozesha pairaiti na kuiachia dhahabu ndani ya mwamba mwekundu ulio laini, unaosagika na kuoshwa kwa urahisi. Chini zaidi mwamba ni mgumu, dhahabu imefungwa ndani ya pairaiti, na mashimo hudai pampu, hewa na matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta na dari. Gharama hizo zilipanda baada ya Vita Kuu ya Pili, ilhali bei rasmi ya dhahabu ilibaki dola 35 kwa aunsi tangu mwaka 1934 hadi 1971. Migodi mingi midogo duniani ilishindwa kwa hesabu hiyo, na uzalishaji wa kampuni pale Sekenke ulikoma katika miaka ya 1950. Mgodi kufungwa, basi, si ushahidi kwamba dhahabu imekwisha.

Hata hivyo, tunamsihi msomaji asiingie katika mashimo ya zamani: matimba yaliyooza huanguka bila dalili, na hewa iliyokosa oksijeni humwangusha mtu kabla hajahisi lolote. Anayeyatamani marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa, yaliyoachwa juu ya ardhi aanzie ofisi ya Tume ya Madini, kisha ayapime kwanza kwa sampuli, akikumbuka kwamba marudio ya kale huenda yakawa na zebaki.