Jino limetulia, shingo imevimba: dozi ya duka la dawa haitoshi

Dada, umeuliza kama mumeo amalizie kwanza amoksilini, antibayotiki ya kumeza aliyouziwa duka la dawa, maana jino limeacha kuuma ila uvimbe umeshuka chini ya kidevu na shingo imekuwa ngumu. Asisubiri. Mpelekeni leo hospitali yenye chumba cha upasuaji na daktari wa koo au wa kinywa na taya.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya masikio, pua na koo, na wagonjwa wa namna hii tunawapokea sana. Gego la chini limeoza, likauma, likatulia, mtu akajua yamekwisha. Kumbe mizizi ya magego ya mwisho hushuka chini ya pale msuli wa sakafu ya mdomo ulipojishikiza kwenye taya, hivyo usaha ukishatoboa mfupa unateremkia shingoni. Ukiachwa unaweza kufika hadi kifuani.

Mwangalie sasa hivi. Ulimi umeinuka? Mate yanamtiririka kwa kushindwa kumeza? Mdomo haufunguki, anaongea kama ana tonge la moto, hataki kulala chali? Ukiona hata moja, ondokeni usiku huu huu, na msimlaze, asafiri ameketi. Kinachoua haraka hapa ni njia ya hewa kuziba. Ndiyo maana madaktari huweza kuanza na mpira wa kupumulia, au kumtoboa tundu shingoni, kabla hawajagusa usaha. Ndugu hutujia juu: "Tumeleta mgonjwa wa jino, mnamtoboa koo?" Tumeshazoea.

Halafu ni antibayotiki za mshipa. Kwetu mara nyingi ni seftriaksoni na metronidazo, kwa kuwa bakteria wa mdomoni ni mchanganyiko na wengine huishi pasipo oksijeni. Lakini usaha uliojikusanya haumalizwi na dawa peke yake: mgonjwa hupigwa picha ya CT (ya kuonyesha ndani ya shingo) kama ipo, hupasuliwa, huachwa mpira wa kuutoa, na jino bovu hung'olewa. Wakisahau kumpima sukari, wakumbusheni. Wapo waliogundua kisukari chao wakiwa kwenye kitanda chetu, na sukari ikiwa juu kidonda hakifungi.

Diklofenaki, kama mnampa, inashusha homa na maumivu, usaha haiugusi. Msikande, msichanje.

Asile kitu njiani, huenda akaingia upasuaji akifika tu. Na bebeni maganda ya dawa alizokwisha kumeza, wataziulizia.