Jibu: Takwimu au kipaji kwenye drafti ya NBA?
Habari mkuu. Umeuliza umchague nani kwenye drafti, yaani pale timu za ligi ya kikapu ya NBA zinapochagua wachezaji wapya: umekwama kati ya kijana wa miaka 19 mwenye pointi 8 kwa mechi na wa miaka 22 mwenye 20. Anza na umri: huyo mkubwa anawafunga wadogo zake, kwa hiyo pointi zake zipunguzie uzito. Kisha hesabu kwa dakika 36, yaani kila mmoja angefunga ngapi akicheza dakika hizo. Pointi 8 ndani ya dakika 15 ni sawa na 19. Asilimia ya pointi tatu ya msimu mmoja hudanganya sana, mitupo ni michache. Amini mitupo huru (ile ya adhabu, bila kuzuiwa), ndiyo inayoonyesha zaidi kama mkono wake unalenga. Kawhi Leonard alitoka chuo cha San Diego State mwaka 2011 na asilimia 29 ya pointi tatu, lakini asilimia 76 ya mitupo huru, na NBA akaja kuwa mlengaji mzuri wa pointi tatu. Mikono mirefu isiyoleta stili (kupora mpira) wala bloku (kuzuia mtupo) chuoni, mimi siipi nafasi ya juu.